Ripoti ya maendeleo: historia fupi ya "karibu tumalize"

Kila Ijumaa, katika ofisi nyingi za programu hapa Nairobi, kuna saa moja ambayo hakuna anayeandika programu. Timu nzima inaandika ripoti. Huyu anajaza kipande chake, yule chake, mkuu wa timu anaviunganisha, meneja "anarekebisha lugha", na jioni waraka unakwenda kwa mteja ukiwa na asilimia pembeni: sehemu hii 80, ile 90, nyingine 95. Wiki inayofuata asilimia ni 82, 91 na 95. Mwezi unaofuata bado tunasema karibu tumalize.

Wengi hudhani ugonjwa huu ulizaliwa pamoja na kompyuta. La hasha! Ni mkongwe kuliko kompyuta, na baadhi ya mifano yake mikubwa ilitokea hapa hapa Afrika Mashariki. Leo tuangalie historia kidogo, halafu turudi kwenye meza zetu.

Tuanze na reli. Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, alikuwa huku. Kamati iliyosimamia mradi ilikuwa London, na bunge lililotoa pesa lilikuwa huko huko. Hakuna mbunge ambaye angeweza kutoka asubuhi kwenda kuona kazi imefika wapi. Macho yao yalikuwa ripoti tu.

Kipimo chao kikuu kilikuwa rahisi: kichwa cha reli kimefika maili ya ngapi? Nairobi kilifika mwisho wa Mei 1899. Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, kilifika Desemba 1901. Ukilinganisha na asilimia zetu za Ijumaa, hiki kilikuwa kipimo kizuri sana. Maili ya reli haina ubishi. Ama chuma kipo ardhini ama hakipo.

Lakini hata kipimo kizuri kina upofu wake. Ili kichwa cha reli kisisimame, wajenzi walipita sehemu nyingi kwa madaraja ya muda na njia za kuzunguka, madaraja ya kudumu yakifuata nyuma. Kwa hiyo reli ilipofika ziwani, kazi ilikuwa bado haijakwisha. Gharama nayo, iliyoidhinishwa kuwa pauni milioni 3 mwaka 1896, ilipita milioni 5. Na kuna hesabu nyingine ambayo maili haziwezi kuionyesha kabisa: wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Ukiuliza maili tu, utajibiwa maili tu. Hilo tulishike, kwa sababu tutakutana nalo tena.

Miaka michache baadaye, Mmarekani Henry Gantt alieneza chati inayobeba jina lake mpaka leo. Alifariki mwaka 1919, lakini kabla ya hapo chati zake zilitumika kufuatilia utengenezaji wa silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Siku hizi tunaichora kwenye kompyuta na kuibandika ukutani kama pambo, na tunasahau ilichokuwa inafanya. Ilionyesha mstari wa kazi iliyopangwa, mstari wa kazi iliyofanyika, na alama ya leo ni tarehe ngapi. Pengo kati ya mpango na ukweli likawa kitu cha kuonekana kwa macho. Meneja hakuhitaji kusoma kurasa kumi za maneno matamu.

Sasa tuvuke mpaka twende Tanganyika, kwenye kisa ambacho kila anayeandika ripoti za mradi anapaswa kukijua: mradi wa karanga.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki 9 hivi, ukarudi na mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi. Makao yalikuwa Kongwa, karibu na Dodoma. Lengo la mwaka wa kwanza, 1947, lilikuwa ekari 150,000.

Matrekta mengi yalikuwa mitumba iliyobaki vitani, mengine yakitoka mbali kama Ufilipino. Kichaka cha Kongwa kilikuwa kigumu ajabu na mizizi yake ilivunja vyuma. Kabla ya mwaka 1947 kwisha, theluthi mbili hivi ya matrekta yalikuwa yameharibika. Na udongo wa pale, mvua zikikatika, hukauka ukawa kama saruji.

Mwandishi wa programu atakielewa kisa hiki haraka. Kusafisha ekari moja hakukuwa kazi moja. Kwanza kichaka kinaangushwa. Kisha kinasogezwa pembeni. Kisha mizizi inang'olewa, na hapo ndipo penye kazi yenyewe. Halafu ndipo ulime na kupanda. Ekari iliyoangushwa kichaka inaonekana safi ukiitazama kutoka kwenye ndege, lakini huwezi kupanda hata punje moja. Je, katika ripoti utaiita ekari iliyokwisha? Ndugu zangu, hiyo ndiyo programu "iliyokwisha kuandikwa" ila haijajaribiwa, haijaunganishwa na nyingine, na mteja hajaigusa.

Mwanzoni mwa 1948 serikali ya Uingereza ilichapisha ripoti rasmi ya maendeleo ya mradi hadi mwisho wa Novemba 1947. Ukweli kwenye shamba ulikuwa huu: badala ya ekari 150,000, zilizopandwa msimu ule wa kwanza zilikuwa 7,500 hivi. Asilimia 5! Mahali pengine popote, namba kama hiyo ingesimamisha kazi mpaka watu waulizane maswali. Hapa mradi uliendelea, ukakabidhiwa shirika la serikali lililoitwa Overseas Food Corporation mwaka 1948, na malengo yakaendelea kupunguzwa kidogo kidogo. Mwaka 1949 wakaguzi wa hesabu walikataa kuthibitisha kwamba vitabu vya shirika vilikuwa vimetunzwa ipasavyo. Januari 1951 mradi ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikahesabiwa hasara.

Tatizo halikuwa ukosefu wa ripoti. Zilikuwepo. Tatizo ni kwamba waziri aliyehusika, John Strachey, alikuwa amekwisha kuutetea mradi bungeni, na shirika lilikuwa limekwisha kuahidi. Katika hali hiyo kila anayeandika ripoti anajua jibu linalotakiwa kabla hajashika kalamu. Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya shirika hilo, aliacha kazi kisha akaandika kitabu kizima kuhusu mkasa huo, kikatoka mwaka 1950. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuueleza mradi kwa ulimwengu ilimbidi kwanza atoke ndipo aueleze atakavyo.

Wamarekani nao walikuja na dawa ya kisasa. Mwaka 1958 jeshi lao la majini, likitengeneza kombora la Polaris, lilianzisha mbinu ya PERT: kila kazi inapewa makadirio matatu ya muda (mambo yakienda vizuri, yakienda kawaida, yakienda vibaya), kisha kazi zote zinaunganishwa kwenye mtandao mmoja. Ilisifiwa dunia nzima. Polaris ilifanikiwa, na watu wakasema ni kwa sababu ya PERT. Mwaka 1972 mtafiti Harvey Sapolsky alichapisha uchunguzi wake na kuonyesha kwamba mchango mkubwa wa PERT haukuwa kuongoza kazi. Ulikuwa kuwaridhisha watu wa nje, ili wanasiasa na wakubwa wengine wasiwaingilie wahandisi. Yaani ripoti iligeuka ngao. Polaris ilibahatika kwamba nyuma ya ngao palikuwa na kazi ya kweli. Si miradi yote ina bahati hiyo.

Kisha zikaja programu za kompyuta, na kule hata maili za reli hazipo. Fred Brooks alisimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa mashine za IBM System/360, zilizotangazwa mwaka 1964. Mfumo ulichelewa vibaya. Katika kitabu chake cha mwaka 1975, The Mythical Man-Month, alieleza kwamba mradi haucheleweshwi na janga moja kubwa; unachelewa siku moja moja, mpaka siku zinajaa mwaka. Tena aliona kwamba programu hukaa kwenye "asilimia 90" kwa muda mrefu ajabu. Dawa yake ilikuwa hatua ambazo huwezi kujidanganya juu yake: ama imefikiwa ama haijafikiwa, hakuna katikati. Kwa maneno mengine, alikuwa anatafuta maili ya reli ya ulimwengu wa programu.

Je, walimsikiliza? Mwaka 1988 kampuni tanzu ya AMR (wenye American Airlines) iliungana na Hilton, Marriott na Budget kutengeneza CONFIRM, mfumo mmoja wa kuhifadhi vyumba vya hoteli na magari ya kukodi. Hawa hawakuwa wanafunzi. AMR ndiyo iliyokuwa na SABRE, mfumo maarufu wa tiketi za ndege. Mradi ulivunjika Julai 1992 baada ya kumeza dola milioni 125 hivi. Uongozi wenyewe ulikiri kwamba baadhi ya wasimamizi hawakusema hali halisi kwa wakati. Wafanyakazi wa chini walijua tarehe hazitatimia. Washirika waliokuwa wanalipa ndio waliochelewa kujua.

Sasa turudi kwenye meza zetu. Ripoti ya kikundi inaharibika vipi hali hakuna aliyekusudia kusema uongo? Tazama sentensi moja inavyopanda ngazi:

Mwandishi wa programu: "Data za wateja wa zamani hazihami. Hatujui kwa nini."
Mkuu wa timu: "Uhamishaji wa data umekumbwa na changamoto."
Meneja: "Uhamishaji wa data unaendelea."
Mkurugenzi kwa mteja: "Mradi unaendelea vizuri."

Hakuna mwongo hapo! Kila mmoja amelainisha neno moja tu. Lakini mteja anayepanga kufunga mfumo wake wa zamani mwisho wa mwezi amepokea kinyume cha alichoandika mtu wa kwanza. Na siku mambo yakiharibika, atakayeitwa kujieleza ni yule yule wa kwanza.

Kutokana na historia hii, nadhani ripoti ya kikundi inahitaji mambo manne.

Moja, hesabu kitu kinachoweza kukaguliwa. Mwaka 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakaandika ile ilani ya Agile, na mojawapo ya kanuni zake inasema kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Badala ya "malipo asilimia 90", andika: "Mteja anaweza kulipa na kupata risiti, hawezi kurudishiwa pesa."

Mbili, weka lengo la awali kando ya hali ya leo, kama Gantt. Tarehe ikisogezwa, ile ya zamani ibaki ikionekana. Mradi wa karanga ulipunguza malengo yake hatua kwa hatua, na kila hatua peke yake ilionekana ndogo.

Tatu, sentensi mbaya ipande ngazi kama ilivyoandikwa. Meneja akitaka kuongeza maelezo, aongeze chini yake, asiiguse. Na aliye karibu na tatizo asome ripoti ya mwisho kabla haijatoka.

Nne, kumbuka upofu wa kipimo. Uliza kila mara: ni nini kinatugharimu ambacho namba hizi hazionyeshi? Watu wanaolala ofisini wiki ya tatu mfululizo hawaonekani kwenye asilimia, kama vile wale 2,500 hawakuonekana kwenye maili.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ripoti ni ule wakati wa kumwambia daktari panapouma, pesa na muda vikiwa bado vipo. Nyie kwenu mnaandikaje, na nani huwa na kalamu ya mwisho? Maoni yenu nayasubiri hapa chini.