Picha Haijaisha Mpaka Ihadithiwe

Huku kwetu Likunja, wilayani Ruangwa, mtu akitoka kuangalia picha huulizwa maswali mawili: stelingi nani, na je, amecheza? La kwanza hujibiwa kwa neno moja. La pili linaweza kuwakesha watu barazani. Nimekulia katika mabishano hayo, na nayaandika kwa sababu historia ya sinema nchini mwetu husimuliwa zaidi kwa majumba ya mijini: Empire na Avalon za Dar es Salaam, Majestic ya Unguja. Sisi wa mashamba ya korosho na ufuta tunatajwa kama watu walioletewa sinema wakakaa chini kuitazama. Mimi nasema tulikuwa waamuzi tangu siku ya kwanza.

Waliotuletea hawakututarajia hivyo. Mwaka 1935, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na mwenzake G. C. Latham walianzisha mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35, nyingi zikiwa za mafunzo: ugonjwa wa safura, kuweka akiba posta, kulipa kodi. Waigizaji walikuwa Waafrika, na gari la mradi lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers. Bwana huyu aliamini kwamba mwanakijiji wa Afrika hawezi kufuata picha inayokwenda mbio. Kwa hiyo kila jambo lionyeshwe polepole, kamera isifanye hila, hadithi isiruke kutoka hapa kwenda pale.

Laiti Sellers angekaa mkeka mmoja na bibi yangu! Bibi alikuwa Mmwera aliyechezwa unyago, na baadaye akawa miongoni mwa wanaowafunda wari. Yanayofundishwa ndani siyaandiki, lakini si siri kwamba kule kuna maigizo: huyu anakuwa mume mlevi, yule wifi mchokozi, mwingine mke mvivu. Anayeigiza mlevi akiyumba kupita kiasi, wakubwa humkatiza palepale na kumwambia arudie, kwa maana mlevi wa kweli hujitahidi kutembea wima. Kwa hiyo gari la serikali lilipofika na kutundika shuka jeupe, lilikuta macho yaliyokwisha kunolewa. Bibi alikuwa akisimulia filamu moja ya afya yenye mwanamke aliyedaiwa kuwa hoi kwa homa. Wenzake waliisifu mitambo. Yeye aliuliza, “Mgonjwa gani huyo anayeinua ndoo kwa mkono mmoja?” Hakukumbuka dawa iliyokuwa ikitangazwa. Ile ndoo hakuisahau.

Jirani zetu wa Nachingwea walikuwa mbele yetu kwa mambo ya mjini. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulileta matrekta, reli kutoka pwani na vibarua kutoka kila upande. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Vibarua waliorudi vijijini walirudi na mishahara, mashati na simulizi, za picha zikiwamo.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950, kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini ilikuja Tanganyika kutengeneza filamu za Kiswahili. Mojawapo ni Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na ujanja wa mjini. Mwigizaji mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika Januari 1962. Wazee wengi wanamkumbuka kwa siasa. Mjomba wangu alimkumbuka kwanza kwa picha, na kila Kawawa alipohutubia redioni alisema sauti ile ilifundishwa na sinema. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyeweza kuigiza ushamba bila kumdharau mshamba, huyo anawajua watu. Sijasikia hukumu nzuri kuliko hiyo juu ya uigizaji wa mtu yeyote.

Baada ya uhuru serikali ilishika sinema kwa mkono wake. Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliundwa mwaka 1968, na miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge, filamu ya kuhimiza ujamaa. Kuwaonyesha filamu ya namna hiyo watu waliokuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa ni kujiweka mbele ya mahakimu wakali, kwa sababu kila mmoja alijua jembe linashikwaje. Hata jirani zetu waliingia katika picha: Nachingwea ilikuwa na kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, tangu mwaka 1965, na mwaka 1975 Dragutin Popović wa Yugoslavia akatoa filamu iliyobeba jina hilohilo, Nachingwea.

Kisha ikaja video. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, na baada ya Mzee Mwinyi kuingia Ikulu mwaka 1985 milango ilifunguka zaidi. Deki na televisheni zikasafiri hadi kwetu. Banda la video lilikuwa la udongo, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ni magogo, jenereta linanguruma nyuma. Msimu wa korosho, fedha zikiwa mikononi, lilijaa hadi mlangoni.

Sisi wasichana hatukuruhusiwa. Banda lilikuwa la wanaume, na binti aliyeonekana pale usiku alisemwa kijiji kizima. Kwa hiyo picha zangu za kwanza niliziona kwa masikio. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa msimuliaji hodari: alitoa milio ya ngumi kwa mdomo, alianguka chini, aliinuka akiwa adui. Usiku mmoja alituhadithia Commando ya Arnold Schwarzenegger, huku sisi tukibangua korosho za kula nyumbani. Alipofika pale binti wa stelingi anapotekwa, dada yangu alimkatiza: “Mtoto wake katekwa, mbona hakulia?” Kaka akasema Komando halii. Tukamwambia kama halii basi hachezi, anabeba bunduki tu. Mabishano yalipamba moto hadi kaka akalipa kiingilio kingine siku iliyofuata, amwangalie Schwarzenegger usoni. Alirudi akakiri kwamba hakuona chozi.

Nimefikiri sana juu ya usiku ule. Wasichana ambao hatukuwa tumeiona picha tulimtuma mtazamaji arudi kuiangalia upya. Huo ni uhakiki, na ulifanyika juu ya ungo wa korosho.

Baadaye zikaja kanda zilizotafsiriwa. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliweka sauti yake juu ya picha za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, akieleza, akionya na kuwapa wahusika maneno ya mitaani kwetu. Watu wakaanza kumhukumu na yeye: hapa kafafanua, hapa katupotosha. Wapo waliodai kwamba anawaokoa waigizaji wabovu kwa utamu wa ulimi wake. Naafiki. Picha mbovu ikisimuliwa na Lufufu ilipendeza, na mtazamaji makini ilimlazimu kutenganisha uso wa mchezaji na sauti ya msimuliaji.

Kilichotuingiza wanawake ni filamu za Kibongo. Mwaka 2003 George Tyson alitoa Girlfriend, akiwa na TID na Monalisa, na mwaka huohuo Mussa Banzi akatoa Nsyuka ya kutisha. Hizi ziliangaliwa sebuleni, mchana, mama akiwa na binti zake na wifi zake. Ndoa, uchawi, urithi, mama mkwe: haya tulikuwa na mamlaka ya kuyasemea. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga aliyepitia Kaole Sanaa Group, ndiye aliyegombaniwa kuliko wote. Shangazi yangu alimkubali alipolia, akisema machozi yake huanzia kooni kabla hayajafika machoni, na kweli ukiangalia shingo yake utaona. Dada yangu, yuleyule wa Commando, alimlaumu kwa kusema sana pale ambapo kunyamaza kungetosha. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, wote wawili walimlilia. Umati uliojaa Kinondoni kumzika uliwashangaza watu wa magazeti. Sisi haukutushangaza, kwa maana tulikuwa tumemjadili miaka na miaka kama mtoto wa nyumbani.

Leo kuna umeme, ving’amuzi na simu, na vijana wa Likunja huangalia tamthilia kila jioni. Vuta N’Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, imefika hadi tamasha la Toronto. Nafurahi. Ila tuzo hutolewa mijini, na maoni yanayohesabika ni ya mijini. Notcutt na Latham, pamoja na dharau zote za zama zao, waliwauliza watazamaji wa vijijini walichokiona na kuyaandika majibu katika kitabu walichokitoa mwaka 1937. Mimi sijamwona mtengenezaji filamu wa leo akija Likunja kuuliza.

Naomba waje. Waje na filamu kabla haijatoka, wakae na akina mama baada ya kazi za shamba, wasikilize bila kujitetea. Wataambiwa mgonjwa wao anainua ndoo, mfiwa wao amepaka wanja, mkulima wao analima palipokwisha kulimwa. Wakiyarekebisha hayo watakuwa na filamu ambayo mtu wa shamba anaweza kuiamini, na mtu wa shamba ndiye mwingi katika nchi hii. Na wasimuliaji kama kaka yangu, ambao sasa wana mvi, wanahitaji kurekodiwa upesi. Picha nyingi za ujana wetu bado zinapatikana sokoni. Jinsi tulivyozielewa haipatikani popote isipokuwa vichwani mwao.