Ukokotoaji wa mpaka wa maji na hewa

Ukokotoaji wa mpaka wa maji na hewa ni tawi la hisabati linalotafuta, kwa kompyuta, ulipo uso unaovitenga vitu viwili vinavyotiririka, na jinsi uso huo unavyobadilika. Mfano mgumu upo kwenye korongo la Mto Kihansi, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Morogoro, ambako maporomoko hupasuka kuwa rasharasha. Kituo cha umeme cha megawati 180 kilipoanza kazi mnamo 2000, takriban asilimia 90 ya maji ilielekezwa kwenye handaki. Rasharasha ikafifia, na chura wa Kihansi, aliyeishi katika unyevu huo tu, akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Mahali kama hapa swali la kwanza ni kiasi: maji kiasi gani yanageuka matone? Sura ya kila tone hufuata baadaye.

Ndiyo sababu mbinu ya ujazo ya Hirt na Nichols (1981) inastahili kutangulizwa. Nafasi hugawanywa kuwa seli, na kila seli hupewa namba kati ya 0 na 1 kuonyesha sehemu iliyojaa maji. Yanayotoka seli moja huingia ya jirani, hivyo hesabu hubaki sawa. Osher na Sethian (1988) wao huuchukua mpaka kuwa ni pale fomula ya umbali inapokuwa sifuri. Mkunjo hutoka laini, jambo la thamani kwa mvutano wa uso, ila matone madogo huweza kumezwa na hesabu yenyewe, na Kihansi matone madogo ndiyo habari yote. Sussman na Puckett (2000) waliziunganisha mbili hizo, kwa gharama ya programu nzito zaidi.

Atakayepinga akisema kwamba tone la milimita moja halionekani katika gridi ya korongo zima ana haki. Mchemraba wa meta 100 kila upande ungehitaji seli trilioni elfu, na bado tone lingepata seli moja tu. Kwa hiyo gridi hutumika karibu na mwamba, na mbali yake matone hufuatwa kama chembe zinazopeperushwa na upepo. Lakini chembe hizo haziwezi kurithi maji yaliyokwisha kupotea kwenye gridi. Wengine watasema vinyunyizio vilivyofungwa korongoni kurudisha unyevu vilitosha. Vililowesha sehemu tu ya eneo, na pa kuelekeza mabomba ni swali la hesabu hiihii. Hata hivyo, idadi ya vyura iliporomoka mwaka 2003 vinyunyizio vikiwepo, na ugonjwa wa kuvu ukabainika kati yao. Huo hauonekani katika mlinganyo wowote wa maji.