Saratani ya Matiti Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita: Uvimbe Usiouma Ndio Unaocheleweshwa

Saratani ya matiti huanza pale chembe hai za ndani ya titi, hasa zile zilizo kwenye vifereji vya kupitishia maziwa, zinapoanza kugawanyika bila mpangilio na kuunda uvimbe. Uvimbe huo ukiachwa hupenya kwenye tezi za kwapani, kisha husambaa hadi kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Nchini Tanzania ugonjwa huu ni wa pili kwa wingi miongoni mwa saratani za wanawake, ukitanguliwa na saratani ya mlango wa kizazi.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti duniani kote, na watu 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Vifo hivyo havikugawanyika kwa usawa. Katika nchi tajiri, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Nchini India ni 66, na Afrika Kusini ni 40. Tofauti hiyo hutokana kwa sehemu kubwa na siku ambayo mgonjwa anafika kwa daktari na matibabu anayoyakuta hapo. Tathmini ya huduma za afya ya matiti iliyofanyika Tanzania mwaka 2017 ilionesha kuwa takribani wanawake 80 kati ya 100 hugunduliwa ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, yaani wakati ambapo uponyaji kamili ni mgumu au hauwezekani tena.

Dalili

Dalili ya kwanza kwa wengi ni uvimbe mgumu usiouma. Hapo ndipo penye mtego. Mwanamke anayepasua mawe au kusafisha mchanga wa dhahabu mialoni Nyarugusu au Rwamagasa amezoea kuumwa mgongo, mabega na mikono. Maumivu ndiyo yanayompeleka dukani kununua dawa au zahanati kuonana na mganga. Kitu kisichouma hakina nafasi katika hesabu yake ya siku. Vivyo hivyo kwa mkulima wa pamba wa Kishapu wakati wa palizi. Kidonda kinapotokea na titi kuanza kutoa harufu, ugonjwa umekwishakaa kwa miezi mingi, pengine miaka.

Dalili nyingine ni titi moja kubadilika ukubwa au umbo, ngozi kubonyea au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani, majimaji au damu kutoka kwenye chuchu kwa mwanamke asiyenyonyesha, upele wa chuchu usiopona, na uvimbe kwapani. Si kila uvimbe ni saratani. Ulio wengi, hasa kwa wasichana na wanawake wenye umri mdogo, si wa hatari. Hata hivyo, hakuna anayeweza kutofautisha kwa kuushika tu, hata awe daktari mzoefu.

Kwa mama anayenyonyesha, uwekundu, joto na uvimbe wa titi mara nyingi ni maambukizi au jipu, na hutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu au kwa kupasuliwa. Lakini iko aina ya saratani inayofanana sana na jipu. Iwapo dozi moja iliyokamilishwa haikuleta nafuu, dozi ya pili na ya tatu si jibu. Mgonjwa anapaswa kupewa rufaa.

Kwa nini wengi huchelewa

Umbali ni sababu moja, ingawa huenda si kubwa kuliko zote. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo watu huhama kufuata dhahabu. Habari ikienea kwamba duara fulani limetoa, kambi nzima huhamia huko ndani ya siku chache, na pamoja nayo huhama akina mama lishe, wauzaji wa maji na wanawake wa kwenye makarasha. Aliyeambiwa na mhudumu wa zahanati arudi baada ya wiki mbili huwa yuko wilaya nyingine wiki hizo mbili zikitimia, na daftari la zahanati haliwezi kumfuata.

Vijijini, uamuzi wa kusafiri kwa matibabu ni wa familia. Nauli, chakula cha anayesindikiza na gharama za vipimo hutoka kwenye mfuko wa kaya, na mara nyingi mume au wazee wa ukoo ndio wanaoamua kama mfugo utauzwa. Titi nalo ni kiungo cha siri. Mwanamke anaweza kumficha hata mama mkwe anayeishi naye nyumba moja, na akiwa zahanati akajieleza kwa habari ya homa au kichwa kwa kuwa mhudumu aliyepo ni mwanamume kijana. Kwa sababu hiyo mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye ni jirani na mara nyingi ni mwanamke, hupata habari ambazo daktari hatazipata.

Kisha wapo waganga wa tiba asili, ambao katika jamii ya Wasukuma wana heshima kubwa na mara nyingi ndio kituo cha kwanza. Uvimbe usio na chanzo kinachoonekana huelezwa kuwa ni wa kulogwa, na tiba yake hufuata maelezo hayo. Kumkebehi mganga hakumsaidii mgonjwa. Mganga anayejua dalili za hatari na kumwelekeza mteja wake hospitalini ameokoa miezi ambayo ingepotea mikononi mwake.

Hofu ya kisu nayo ina mantiki yake. Wengi wamemwona jirani aliyekatwa titi akafariki mwaka huohuo, wakahitimisha kuwa kisu ndicho kilichosambaza ugonjwa. Ukweli ni kwamba jirani huyo alifika hospitali ugonjwa ukiwa umekwishasambaa. Kuchukua sampuli ya kinyama hakusambazi saratani, na mwenye uvimbe mdogo anaweza kufanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe tu titi likabaki, mradi apate tiba ya mionzi baadaye.

Gharama ya kuchelewa haiishii kwa mgonjwa. Utafiti uliofuatilia wanawake wenye saratani ya matiti katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, ulibaini kuwa nusu tu ndio waliokuwa hai baada ya miaka mitatu. Kwa kila vifo 100 vya wanawake wenye umri wa chini ya miaka 50, watoto 210 walibaki bila mama.

Zebaki na uvumi mwingine

Swali linaloulizwa mara kwa mara katika ukanda wa dhahabu ni kama zebaki inayotumika kukamatia dhahabu husababisha saratani ya matiti. Zebaki ni sumu: mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu na figo, na hudhuru mtoto aliye tumboni. Kwa sababu hizo pekee haipaswi kuchomwa jikoni wala karibu na watoto. Kuhusu saratani, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka zebaki katika kundi la vitu ambavyo ushahidi uliopo hautoshi kusema vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwanamke anayeishi mbali na machimbo hana sababu ya kujiona salama.

Mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano ni umri unaozidi miaka 40, kuwa na mama au dada aliyeugua, unywaji wa pombe, na uzito uliopitiliza baada ya kukoma hedhi. Kunyonyesha kwa muda mrefu hupunguza uwezekano huo. Vidonge na sindano za uzazi wa mpango huuongeza kidogo wakati wa matumizi, na ongezeko hilo hupungua baada ya kuacha. Kuweka simu au fedha kwenye sidiria hakujathibitishwa kuleta saratani. Karibu nusu ya wagonjwa hawana kigezo chochote zaidi ya kuwa wanawake waliovuka miaka 40. Wanaume nao huugua, ingawa ni takribani mmoja au pungufu kati ya wagonjwa 100.

Kujichunguza na kuchunguzwa

Elimu ya kujichunguza kila mwezi imetolewa kwa miaka mingi, na yafaa kueleweka inaweza nini. Mjini Shanghai, China, wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo walihusishwa katika utafiti ambapo nusu yao walifundishwa kujichunguza kwa utaratibu maalumu. Baada ya miaka kumi, vifo havikupungua katika kundi lililofundishwa. Jambo hilo halina maana kwamba mwanamke asijue matiti yake. Wanawake wale walikuwa na hospitali karibu, na uvimbe ulikuwa ukigunduliwa hata bila mafunzo. Pale ambapo uvimbe hufika hospitali ukiwa na ukubwa wa limau au zaidi, kujua hali ya kawaida ya titi na kutosubiri mabadiliko yapite kuna faida kubwa.

Mamografia ni kipimo kizuri, lakini kinahitaji mashine ghali, wasomaji wa picha na mfumo wa kuwafuatilia wanaoitwa tena. Shirika la Afya Duniani halishauri upimaji wa watu wote kwa mashine hiyo pale mifumo hiyo ilipo dhaifu. Linalowezekana katika zahanati ni mhudumu aliyefunzwa kuchunguza matiti kwa mikono. Mjini Mumbai, India, zaidi ya wanawake 151,000 walifuatiliwa kwa miaka 20. Waliochunguzwa kwa mikono kila baada ya miaka miwili waligunduliwa mapema zaidi, na kwa wenye umri wa miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya wahudumu wa afya ya msingi.

Rufaa

Kwa mkazi wa Shinyanga au Geita, njia huanzia zahanati au kituo cha afya, hupitia hospitali ya wilaya na ya rufaa ya mkoa, ambako ultrasaundi hufanyika, na kuishia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando jijini Mwanza. Kwa miongo mingi tiba ya mionzi katika hospitali za umma ilipatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, pekee, takribani kilomita 1,000 kutoka Shinyanga mjini. Huduma hiyo sasa ipo Bugando. Wanaotoka Geita, waliokuwa wakisubiri kivuko cha Busisi, tangu Juni 19, 2025 wanavuka kwa Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3.

Shirika la Afya Duniani linataka utambuzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza. Siku nyingi hupotea kati ya kuchukuliwa sampuli na kurudi kwa majibu, hivyo mgonjwa anashauriwa kuacha namba za simu mbili, yake na ya ndugu asiyehamahama. Aendapo kwenye rufaa abebe barua ya rufaa, majibu yote ya vipimo na kadi ya bima kama anayo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inalenga kila mkazi awe na bima. Asiye na uwezo aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha kabla ya kukata tamaa na kurudi nyumbani. Wagonjwa ambao uvimbe wao huchochewa na homoni hupewa vidonge vya tamoksifeni vya kumeza kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Anayepangiwa dawa hizo amuulize daktari, kabla hajaondoka Mwanza, ni hospitali gani ya karibu na kwake atakakozichukua.