Manamba Naye ni Mkulima: Vyama vya Wafanyakazi Vikitazamwa Kutoka Kyela

Historia ya vyama vya wafanyakazi nchini mwetu imezoeleka kuanzia penye maji ya chumvi. Huanza na makuli wa bandari ya Dar es Salaam na mgomo wao wa Septemba 1947, ambao ulisambaa kandokando ya reli ya kati. Hupita katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Kisha hurudi Dar es Salaam kumkuta Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, lililoundwa Oktoba 1955. Simulizi hiyo si ya uongo. Ila inaliacha pembeni swali ambalo kwangu ndilo zito zaidi: wafanyakazi hao walitoka wapi, na kazi ilipokwisha walirudi wapi?

Ndiyo maana leo naomba tuianzie Kyela, kwenye bonde tambarare lililo kati ya mto Songwe na milima ya Livingstone, penye mpunga, migomba na michikichi. Wakati wa ukoloni eneo hili lilikuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe. Reli haikufika huku. Mgodi mkubwa wa kuajiri maelfu haukuwapo, na mashamba ya mkonge yalikuwa mbali. Kwa maneno mengine, hapakuwa na mwajiri wa kugomewa. Kodi ya kichwa, hata hivyo, ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha haikuota shambani. Aidha, ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee, na kijana aliyechoka kumsubiri baba yake alitambua kwamba mshahara ungeweza kumnunulia ng'ombe wake mwenyewe. Hivyo vijana wakaondoka. Wengine walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya. Wengine wakaingia Rhodesia ya Kaskazini, kwenye migodi ya Ukanda wa Shaba. Na wengine wakaandikishwa na WENELA, shirika lililokusanya vibarua kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita haraka mno. Mwenye mgodi alimlipa kibarua wa aina hii mshahara wa kapera. Hakumlipa cha kulishia mke, kusomeshea mtoto wala kutunzia mzee, kwa hoja kwamba hao wana shamba kwao. Basi jembe la mke aliyebaki Ipinda au Mwaya lilikuwa likimlipia mwenye mgodi wa Luanshya sehemu ya gharama zake. Mfanyakazi alipougua au kuzeeka, hakutunzwa na kampuni. Alitunzwa na mpunga na ndizi za Kyela. Kwa hiyo kila chama kilichodai mshahara unaotosha familia kilikuwa kikilizungumzia bonde hili, hata kama viongozi wake hawakuwahi kulisikia.

Kuna msomi mmoja aliyeziona pande zote mbili kwa macho yake. Godfrey Wilson aliishi na mkewe Monica miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, wakichunguza maisha na mila zao. Mwaka 1938 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, akaenda kuwachunguza wafanyakazi wa mgodi wa Broken Hill, ambao leo ni Kabwe. Aligundua kwamba watu waliohesabiwa kuwa wageni wa muda mjini walikuwa wameishi huko sehemu kubwa ya umri wao tangu waondoke vijijini. Wenye migodi hawakuupenda ukaribu wake na Waafrika, na mwaka 1941 akajiuzulu. Yaelekea mtafiti aliruhusiwa kuuchunguza mahari kwa kina chochote, mradi asiuguse mshahara.

Ziwa lenyewe lina nafasi katika historia hii. Clements Kadalie, aliyeanzisha chama cha ICU mjini Cape Town mwaka 1919, alizaliwa upande wa magharibi wa Ziwa Nyasa na kusomeshwa na wamisionari wa Livingstonia. Aliondoka kwao mwaka 1915 kutafuta kazi kusini, kama walivyofanya maelfu ya vijana wa mwambao huu. Kufikia mwaka 1927 chama chake kilidai kuwa na wanachama 100,000, idadi ambayo hakuna chama kingine cha Waafrika wa kusini mwa bara hili kilichokuwa kimeikaribia. Mtu huyu hakutoka katika jiji lenye viwanda. Alitoka katika mwambao wa wavuvi na wakulima.

Kwenye Ukanda wa Shaba, Wanyakyusa walikuwa miongoni mwa wageni waliojulikana sana migodini. Huko mgomo ulitangulia chama. Mwaka 1935 wachimbaji waligoma kwa sababu ya kupandishwa kwa kodi, na sita wakauawa kwa risasi Luanshya. Mwaka 1940 huko Nkana wakauawa 17. Jibu la kampuni na serikali lilikuwa kuwapa wachimbaji wazee wa kikabila, ili Mbemba aseme kupitia Mbemba na Mnyakyusa kupitia Mnyakyusa. Mwaka 1949 kikaundwa chama cha wachimbaji Waafrika chini ya Lawrence Katilungu, na mwaka 1953 wafanyakazi wakapiga kura ya kuwaondoa wazee hao wa kikabila kwa wingi mkubwa. Kura hiyo naiona kubwa kuliko chaguzi nyingi zilizofuata katika nchi zetu. Mtu aliyeletwa mgodini kama kabila alitamka kwamba pale shimoni yeye ni mchimbaji.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yakienda. Huku Rungwe umoja wa wazalishaji ulichukua sura ya ushirika wa kahawa na mpunga, kwa kuwa aliyembana mkulima hakuwa bosi bali mnunuzi. Pwani, chama cha makuli kilifutwa mwaka 1950 baada ya mgomo ulioleta ghasia, lakini miaka mitano tu baadaye TFL ilisimama ikitembea bega kwa bega na TANU. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma kwa siku 82. Mkoloni aliondoka mwaka uliofuata, na wengi waliamini kwamba vyama hivyo vingevuna vilichopanda.

Yaliyotokea ni kinyume chake. Januari 1962 Kawawa, mtu wa TFL, akawa Waziri Mkuu, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria zilizoufanya mgomo halali kuwa karibu muhali. Januari 1963 Victor Mkello, rais wa TFL na kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani, alipelekwa Sumbawanga yeye na mwenzake, wakazuiliwa huko. Serikali huru ikamtuma mtetezi wa manamba akakae kizuizini katika eneo ambalo nalo lilizoea kutoa vibarua. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walikamatwa. Februari TFL ikavunjwa kwa sheria na NUTA ikaundwa mahali pake. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Michael Kamaliza akawa Waziri wa Kazi na katibu mkuu wa NUTA kwa wakati mmoja, yaani aliyepaswa kudai na aliyepaswa kujibu walikuwa mtu mmoja.

Hoja iliyotumika haikuwa ya kijinga. Wenye mishahara walikuwa takriban 400,000 katika nchi ya watu karibu milioni 9 hadi 10, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya waziwazi kwamba watu wa mijini wanaweza kuwa wanyonyaji wa wakulima. Hata nyongeza kubwa za mishahara baada ya uhuru zilikuwa na upande wa pili: mashamba ya mkonge yalipunguza watu, na aliyepoteza zaidi ni kibarua wa kuja na kuondoka. Serikali ikaufunga pia mlango wa WENELA, kwa sababu za heshima ninazoziunga mkono. Lakini hoja nzima ilisimama juu ya dhana kwamba mfanyakazi ni mtu mmoja na mkulima ni mwingine. Kwenye bendera nyundo na jembe vimepishana kana kwamba vimeshikwa na watu wawili. Kyela vilishikwa na mikono ileile, kwa zamu.

Kwa kuwa walihesabiwa wawili, walinyamazishwa mmoja mmoja. Baada ya vyama vya wafanyakazi kumezwa mwaka 1964, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Chini ya CCM, JUWATA na Washirika zikawa jumuiya mbili tofauti za chama kimoja. OTTU ya mwaka 1991 ilianza kuachana na chama, lakini kufikia hapo kizazi kizima kilikuwa kimekua kikijua chama cha wafanyakazi kama makato kwenye karatasi ya mshahara.

Hali ya leo? Mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, jirani kabisa na bonde hili, ulikabidhiwa kampuni binafsi katikati ya miaka ya 2000 kabla ya kurejeshwa serikalini, na wafanyakazi wake walijikuta wakidai malimbikizo ya mishahara kwa miaka. Hao angalau walikuwa na mwajiri wa kumtaja jina. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawaruhusu waajiriwa 20 kuanzisha chama. Mbeba mizigo wa bandari ya Itungi anayelipwa kwa gunia si mwajiriwa wa mtu. Si mwajiriwa pia dereva wa bodaboda wa Kasumulu anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, wala kijana anayepalilia kakao ya mwenzake msimu huu na kuchimba dhahabu Chunya msimu ujao, kwa njia ileile aliyopita babu yake. Mwenye kakao ana AMCOS ya kumsemea bei. Anayempalilia hana pa kujiandikisha.