Kosa la Rubani, Deni la Taifa

Mithali yasema ajali haina kinga. Ni kweli, lakini je, ajali ikiisha kutokea, haina mwenyewe? Madhara yake hubebwa na nani? Leo tutalitazama swali hilo kwa habari za mji wa Uswisi uitwao Schaffhausen.

Katika Vita Vikuu vya Pili, vilivyopiganwa tangu 1939 hata 1945, Uswisi haikuwa upande wa mtu. Lakini Schaffhausen uko ng'ambo ya kaskazini ya mto Rhine, karibu sana na mpaka wa Ujerumani. Mara nyingi ving'ora vya hatari vililia, ndege zikapita juu bila kudhuru, hata watu wakazoea, wasiende tena kujificha.

Tarehe 1 Aprili 1944, asubuhi, ndege za Marekani zilitumwa kuupiga mji wa Ludwigshafen, Ujerumani. Mawingu yalikuwa yametanda, upepo ukazisukuma, zikapotea njia kwa zaidi ya kilomita 200. Walipoona mji chini yao, wanahewa walidhani ni wa adui, wakaangusha mabomu. Watu 40 walikufa, zaidi ya 200 wakaumia. Nyumba, viwanda, na picha za kale katika makumbusho ya mji zikateketea.

Hakuna rubani aliyekusudia kumwua Mswisi. Hata mji wa Zürich ulipopigwa kwa kosa la namna hiyo, tarehe 4 Machi 1945, watu 5 wakafa, rubani kiongozi alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi, akaonekana hana hatia.

Lakini Marekani haikusema, "Askari hakukusudia, basi hatudaiwi." Iliomba radhi, na katika mwaka ule ule wa 1944 iliipa Uswisi dola milioni 4. Tena mwaka 1949 ilikubali kulipa faranga zaidi ya milioni 62 kwa ajili ya madhara yote yaliyofanywa na ndege zake katika nchi ile. Fedha hiyo ni mali ya taifa zima, hata ya mkulima wa Marekani asiyepata kulisikia jina la Schaffhausen.

Je, mkulima huyo ameonewa? Tutazame mambo ya kwetu. Mtu achoma majani shambani mwake, upepo wageuka, moto wala mahindi ya jirani. Wazee hawamwiti mwovu. Lakini jirani hatakula neno "sikukusudia". Naye akiwa hana cha kulipa, jamaa zake humchangia, kwa kuwa mavuno yake wangekula pamoja naye.

Hatia ni ya mtu mmoja, nayo hupimwa kwa nia yake. Deni ni jambo jingine. Taifa lililowatuma askari kwa jina lake, na lililotazamia kufurahia ushindi wao, haliwezi kuyakana makosa yao. Fedha haikuwafufua wale 40. Lakini taifa lisilolipa huwaua mara ya pili, kwa kuwafanya kana kwamba hawakuwa watu.