Vuta, Sogea, Geuza

Picha tunaipiga, lakini video tunaichukua. Wasikilize vijana wakipeana simu jioni pale Forodhani, Zanzibar: anayetaka picha husema "nipige moja hapa", anayetaka video husema "nichukue natembea". Hakuna kamati iliyoketi kutenga vitenzi hivyo. Pigo huisha mara moja, ila kuchukua kunataka muda, na anayeanza angelitii neno hilo angeacha kubonyeza na kuzima papo hapo. Shikilia sekunde tano hivi, kuna mtu atakayehariri.

Kwenye "zumu" ndipo ninapokereka. Neno lenyewe silifukuzi, limeshakuwa mwenyeji. Ila limemeza vitendo viwili. Tuseme unamchukua muuza mishikaki anayegeuza vijiti juu ya mkaa. Ukibaki ulipo na kutanua vidole kwenye kioo, unamvuta: anakuja yeye, wewe huendi popote, na umati ulio nyuma yake unakuja naye kwa kiasi kile kile. Tena simu nyingi hazivuti kwa lenzi. Hukata kipande cha katikati na kukitanua, ndiyo maana moshi hutoka una chembechembe. Sasa kunja magoti kidogo, bana viwiko mbavuni, nenda polepole hatua tatu. Hapo unasogea. Muuzaji anakua upesi, umati wa nyuma haubadiliki sana, na mtazamaji anajiona kafika jikoni. Vuta na sogea tulikuwa nazo tangu zamani. Mwalimu anayesema "zumu" kwa yote mawili anamnyima mwanafunzi nafasi ya kuchagua. (Binafsi, nasogea kila miguu inapopata njia.)

"Zungusha kamera" nalo lina balaa lake. Ukimwambia hivyo mwanafunzi mtiifu atazunguka kweli, kutoka baharini hadi Ngome Kongwe hadi baharini tena, na mtazamaji apate kizunguzungu. Mwambie ageuze. Kugeuka ni kazi ya shingo: kuna unakotoka na kuna unakotua, na sehemu zote mbili zinastahili kutulia kabla na baada. Kwa wima, inua na inamisha zinatosha.

Theluthi haihitaji mkalimani. Waislamu wanaijua kwenye wasia, wabunge kwenye kura. Washa gridi ya simu, mistari miwili wima na miwili mlalo inayoigawa picha kwa theluthi, kisha weka macho ya muuzaji usawa wa mstari wa juu. Akitazama kulia, msogeze kushoto apate pa kutazamia.

Fokasi ibaki fokasi. Fremu nayo ibaki, ingawa Dar es Salaam, ambako fremu ni chumba cha duka, ukiitaja utaulizwa kodi ni shilingi ngapi kwa mwezi. Kwenye video fremu ina hesabu nyingine inayohusu umeme. Gridi ya umeme ya Tanzania na ya Kenya ni ya hezi 50. Ukichukua kwa fremu 30 kwa sekunde, chini ya baadhi ya taa utaona mwanga unachezacheza kwenye video hata kama macho yako hayakuona kitu. Programu ya kamera ikikuruhusu, weka fremu 25 na shata ya 1/50.