Uingereza ya George Orwell

Tarehe 12 Januari 1946, gazeti la Evening Standard la London lilichapa makala ya mwandishi George Orwell kuhusu namna ya kupika chai. Kanuni zake zilikuwa 11: majani yawe ya India au Ceylon, birika lipashwe moto kwanza, maziwa yaje baada ya chai, sukari isiguswe. Chai bado ilikuwa ya mgawo, wakia 2 kwa wiki, naye alidai vijiko 6 vya kufurika kwa birika moja kubwa.

Makala hiyo ilitoka kwa mtu aliyekuwa ameitafuta Uingereza kwa miaka, tena kule ambako wasomi wenzake hawakutupa jicho. Aliyachambua majarida ya wavulana na kadi za posta za mchoraji Donald McGill, zenye utani wa chumbani na wake wanene, kwa umakini uleule aliompa mwandishi wa riwaya Dickens.

Jicho hilo alilipata mbali na kwao. Jina lake halisi lilikuwa Eric Arthur Blair, naye alizaliwa mwaka 1903 huko Motihari, India, ambako baba yake alifanya kazi katika idara ya kasumba ya serikali ya kikoloni. Baada ya kusoma Eton alikwenda Burma mwaka 1922 kuwa ofisa wa polisi, na miaka mitano baadaye akaiacha kazi hiyo, akiwa ameuchukia ukoloni. Ndiyo maana mwaka 1939 aliwakumbusha wasomaji kwamba walalahoi wengi wa Uingereza hawakuishi Uingereza, bali Asia na Afrika. Ni wachache nchini mwake waliothubutu kuandika hivyo.

Hata hivyo aliipenda nchi yake waziwazi. Katika kitabu chake The Lion and the Unicorn, kilichotoka mwaka 1941 London ikipigwa mabomu, aliieleza Uingereza kama familia iliyoangukia mikononi mwa ndugu wasiofaa kuiongoza. Palepale akadai migodi, reli na benki zitaifishwe, na India iwe na haki ya kujitenga Vita vya Pili vya Dunia vikiisha. Kwake mapenzi na madai hayo vilikwenda pamoja, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Kitabu chake kingine, The English People, kilichapishwa mwaka 1947, mwaka uleule India ilipopata uhuru. Humo aliwataka Waingereza waachane na majivuno ya kitabaka, waishi kwa kiasi, na waushughulikie zaidi ulimwengu kuliko nyua zao.